Hajambo, Yuko Basotu

Zahanati ya Yaeda Chini,
Mbulu.
16 Machi 2003

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Nangwa, wewe na Judith na shemeji wote. Mimi ni mzima. Nakula, nalala.

Nilifika salama. Gari la dawa lilinishusha mlangoni na vitu vyangu vyote, hata ile sufuria uliyonipa haikubonyea. Nyumba ya muuguzi ina vyumba viwili. Mganga tunayefanya naye kazi anaitwa Nicodemo, mtu wa Singida, mpole. Yeye anabaki zahanati, mimi nazunguka kwenye maboma kuchanja watoto. Wamenipa baiskeli. Asubuhi nafunga kisanduku cha chanjo kwenye keria, naondoka kabla jua halijawa kali, maana barafu ikiyeyuka chanjo inaharibika.

Njia zenyewe ni njia za ng'ombe. Mchanga, miiba, halafu mbuga nyeupe ya chumvi ambako huoni hata mti. Kinachonichelewesha si mchanga, ni salamu. Huku huwezi kumpita mtu ukiwa juu ya baiskeli ukamrushia mkono. Ukimwona mtu, hata akiwa mbali na ng'ombe wake, anasimama anakungoja. Lazima ushuke. Mnaanza za huko utokako, mnakuja kwenye mvua, mnakuja kwenye mifugo, halafu nyumbani, mtu mmoja mmoja. Ni watu nisiowajua na hawanijui. Na Wadatoga tunasalimiana kwa Kiswahili cha kuungaunga, na Wahadzabe vilevile, wenzetu Wairaqw ndio wanauliza mpaka jina la kijiji. Mimi najibu tu. Kisha napanda, naenda.

Najua watu hapo wanasema nimekimbia kabla hata majani hayajaota kaburini. Ni kweli uhamisho niliuomba mwenyewe.

Msalimie Judith. Mwambie asicheze na kikohozi chake, avae sweta.

Mimi mkweo,
Mama Judith

Nangwa,
S.L.P. Katesh, Hanang,
MANYARA.
6 Mei 2003

Mwanangu Restituta,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila miguu yangu unaijua. Mahindi yamesimama vizuri. Judith ni mzima na kikohozi kimekwisha, nilimpa mafuta ya kondoo, usinigombeze na unesi wako.

Barua yako imezunguka mpaka Arusha ndipo ikarudi. Siku hizi sisi ni Manyara, andika Manyara kwa herufi kubwa wasione kisingizio. Utanisamehe mwandiko. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu mwenyewe alikuwa na mwandiko wa kuku.

Watu wa hapa waache waseme. Wewe sema na mimi.

Nimesoma habari za salamu zako mara nyingi, nikafurahi kwamba bado kuna mahali watu wanasalimiana. Huku pikipiki zimeanza kupita Nangwa zinatutimulia vumbi tu. Lakini nina swali, na usinifiche. Hao watu wakifika kwenye kuuliza baba watoto, unawajibu nini?

Nauliza kwa sababu hapa hakuna anayeniuliza tena. Wanauliza mahindi, wanauliza miguu, wanauliza Judith. Wakifika kwa Yonas wanaruka, kama mtu anavyoruka mtaro. Juzi mke wa katekista alianza kutaja jina lake akajikohoza. Mwanangu amekufa, sawa, lakini jina lake limefanya nini?

Judith anauliza utakuja lini. Nimemwambia mama yako ana kazi.

Mama yako,
Genoveva, bibi yake Judith

Yaeda Chini
19 Juni 2003

Mama,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mvua imekwisha, vumbi limeanza.

Umeniuliza najibu nini. Najibu hajambo.

Mara ya kwanza sikukusudia. Kuna mzee mfugaji anaitwa Margwe, boma lake liko karibu na makorongo. Nilishuka kwenye baiskeli, nikamwamkia, tukaanza. Ng'ombe? Wazima. Mama yako? Hajambo. Watoto? Hajambo, ninaye mmoja. Baba yake? Hajambo. Ilitoka yenyewe, kama tunavyoitikia kanisani huku mtu anawaza jiko. Nilipokuwa nimeshapanda na kwenda kidogo ndipo nikasikia nilichosema. Nilisimama chini ya mgunga nikangoja nione kama nitaumia. Sikuumia. Nikaenda kuchanja.

Siku iliyofuata kijana wa Kidatoga aliniuliza, nikasema hajambo. Sasa nasema kwa wote. Ni rahisi kuliko lile jingine. Ukisema lile jingine mtu anataka kukaa chini na wewe, na mimi nina barafu kwenye kisanduku.

Nimeona nikuambie wewe. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Mkweo,
Mama Judith

Nangwa, Hanang,
MANYARA
12 Septemba 2003

Mwanangu,

Hatujambo. Judith ameng'oka jino la mbele.

Nimekaa kimya, najua umeona. Nilikasirika. Barua yako niliisoma jikoni nikatoka nje nikapasua kuni zote zilizokuwepo mpaka shemeji yako Alfredi akaja kuuliza kuna msiba gani tena. Nilisema moyoni, huyu msichana anamzuia mwanangu asilale. Tulimzika kwa misa, padre alikuja, wewe mwenyewe ulimfumba macho. Sasa unamtembeza porini.

Halafu Jumamosi moja nikaenda mnadani Katesh. Kulikuwa na mama anauza vyungu, mgeni, katokea pande za Iramba. Tulipatana bei ya chungu, akanisalimia vizuri kama watu wa zamani. Akaniuliza watoto. Nikasema hawajambo. Akasema una wangapi mama? Nikasema watano.

Watano, Restituta. Nikamtaja kila mmoja na mahali alipo, na Yonas nikamtaja wa tatu, mahali pake. Yule mama akasema Mungu amekujalia. Nikarudi nyumbani na chungu kichwani, na miguu haikuniuma njia nzima.

Basi sikukasirikii tena. Ila niambie kitu kimoja. Huyo Yonas wa huko, umesema anafanya kazi gani? Maana mimi yule mama aliniuliza nikakosa la kusema.

Mama yako

Yaeda Chini
20 Oktoba 2003

Mama,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi mzima, nimepata pancha nyingi mwezi huu, sasa naziba mwenyewe.

Yuko Basotu, anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Mzee Margwe aliniuliza nikajibu hivyo. Hajui kwamba wafanyakazi walipunguzwa zamani, wala kwamba Yonas alimaliza miaka yake akiuza vitunguu kwa baiskeli. Nilifikiri trekta atalipenda zaidi. Unakumbuka alivyokuwa akisikia trekta barabarani anaacha chakula anatoka kuangalia ni la nani.

Sasa kila nikipita ananiuliza habari za trekta. Juzi alisema, "Mwambie mumeo mvua zikianza asipite kwenye udongo mweusi." Nikasema nitamwambia. Na wewe anakusalimu.

Mama, nakuandikia haya kama mtu anayesimulia habari za jirani. Usiku sioti. Kanisani nasimama, nakaa. Ile picha ya Judith uliyonipa naiangalia, naona ni mtoto mzuri, halafu naiweka. Nicodemo anasema mimi ni muuguzi mzuri kwa sababu watoto wakilia sindano haitetemeki mkononi mwangu. Alinisifia. Mimi niliona baridi.

Mkweo,
Mama Judith

Nangwa, MANYARA
18 Novemba 2003

Restituta,

Hatujambo. Shule zikifungwa nakuja na Judith. Usiniandikie kwamba nyumba ni ndogo au njia ni mbaya. Lori la chumvi litatuleta, nimeshaongea na dereva. Mtoto amesahau sauti yako, juzi alimwita shangazi yake mama. Andaa unga.

Mama yako

Yaeda Chini
4 Januari 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama na lori halikuwasumbua kule mlimani. Ahsante kwa kuja. Ahsante kwa siagi. Nyumba imekuwa kimya tangu mmeondoka.

Judith aliacha soksi moja, nitaituma.

Mkweo,
Mama Judith

Nangwa, Hanang, MANYARA
21 Februari 2004

Restituta mwanangu,

Keti kwanza ndipo usome. Mtoto ni mzima, amelala hapa pembeni yangu. Nimeanza na hilo.

Jumatano Judith hakurudi kutoka shule. Ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, nikadhani amepitia kwa shangazi yake. Hakuwepo. Mwalimu akasema hata asubuhi hakufika. Basi nikapiga yowe, watu wakatoka. Walitafuta mtoni, walitafuta mashambani, Alfredi alipanda mpaka msituni. Mimi niliketi barabarani kwa sababu miguu ilikataa. Nilisema, Yonas, umenichukulia na huyu?

Jua likiwa linashuka tukaona baiskeli inakuja kutoka upande wa Katesh, mtu asiyejulikana anaisukuma huku anatembea, na Judith amekaa kwenye keria ameshika bunda la mitumba. Yule kijana anaitwa Urban, anazungusha nguo vijijini. Alisema alimwona mtoto wa shule anatembea peke yake barabarani, mbali kabisa, akawa anampita. Mtoto akasimama pembeni, akaweka mikono pamoja, akamwambia shikamoo. Urban akasema, "Mama, mtoto akinisalimia vile siwezi kuendelea kupiga pedeli. Nilishuka." Akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Akasema anakwenda Basotu kwa baba yake.

Nilimwuliza Judith, nani alikuambia baba yuko Basotu? Akasema, "Babu wa Yaeda mwenye ng'ombe. Na mama alikuwepo." Nikamwuliza, mama alisema nini? Akasema, "Mama alisema hajambo."

Mimi nilikuwa nyumbani kwako siku ile mlipotoka na baiskeli, nikipepeta mahindi. Mliporudi hamkuniambia kitu. Mtoto alikuwa kimya, nikadhani ni jua.

Nimekuwa na siku nzima ya kuwaza. Siwezi kukulaumu peke yako. Nami nilisema watano. Lakini mimi nilimwambia mgeni. Huyu ni mtoto wake.

Tangu mwezi uliopita alikuwa akiniuliza Basotu ni upande gani, nami nikamwonyesha kwa kidole, bila kujua.

Sijamwambia kitu. Nimeogopa. Niandikie.

Mama yako,
Genoveva

Yaeda Chini
3 Machi 2004

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika leo kwa gari la misheni. Linarudi kesho, nalikabidhi barua hii.

Siku ile tulikuwa tunakwenda makorongo. Judith alikuwa keria, kisanduku nimekibeba mgongoni kwa kitenge. Alikuwa anafurahi, kila tukikutana na mtu anawahi kuamkia kabla yangu. Mzee Margwe alikuwa ananywesha ng'ombe. Tulishuka. Akamshika Judith kichwa, akafurahi sana, akanisalimia moja moja kama kawaida. Baba yake huyu hajambo? Nikasema hajambo. Mtoto akiwa amenishika sketi. Nilimsahau, mama. Sina neno jingine. Mdomo ulikwenda.

Judith akauliza, "Baba yuko wapi?"

Mzee akacheka. Akamwambia, "Kumbe hujui? Yuko Basotu anaendesha trekta kubwa. Mama yako anakuficha?"

Judith akaniangalia. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mzee alikuwa ananingoja, mtoto ananingoja. Mimi nikasema barafu inayeyuka, nikampakia, tukaondoka. Njiani aliniuliza mara moja tu, "Mama, ni kweli?" Nikasema kamata vizuri, kuna mchanga.

Usimwambie wewe. Nimemwomba Nicodemo ruhusa. Wiki ijayo atakuja mtu wa kunishikia kazi kutoka Mbulu. Nitapanda na baiskeli mpaka Dongobesh nitafute gari huko. Nakuja kumwambia mwenyewe.

Nilipofika kwenye barua yako mahali uliposema uliketi barabarani, mkono wangu ulitetemeka. Nikaangalia mkono. Ulikuwa wangu.

Restituta

Yaeda Chini, MANYARA
17 Aprili 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu na mbegu zimeota. Mimi nilifika, mgongo unauma lakini ni mzima.

Ulitupisha tukaenda kaburini wawili, na tuliporudi jikoni hukuuliza. Ahsante. Lakini unastahili kujua.

Nilimwambia, "Judith, baba yako yuko hapa. Alikufa kwa homa mwaka juzi, ulipokuwa umepelekwa kwa shangazi, tukakuficha. Hayuko Basotu, hajawahi kurudi Basotu."

Akasema, "Yule babu alisema."

Nikasema, "Mimi ndiye nilimwambia yule babu."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Aliniuliza, nikashindwa kusema amekufa. Halafu na wewe nikashindwa."

Hakulia. Aliokota vijiwe akavipanga juu ya saruji, akavipangua. Akaniambia, "Nilimbebea kiporo kwenye mkoba." Siku ile aliyopotea. Alimbebea baba yake viazi. Hukuniandikia hilo, labda hukujua.

Na tangu hapo mpaka naondoka hakuniamkia. Uliona. Asubuhi anakuja, "Shikamoo bibi," anapita mbele yangu kama mtu anavyopita mbele ya kisiki. Ulitaka kumchapa nikakuzuia. Aache. Ana haki ya kuchagua nani wa kumsalimia.

Niliporudi huku nilimaliza wiki nzima nikishuka kwenye baiskeli kwa kila mtu. Wakifika kwa baba Judith nasema, alikufa. Wengine walidhani amekufa sasa hivi, wakaanza kulia, ikabidi niwaeleze kwamba ni tangu mwaka juzi. Mwanamke mmoja Mdatoga alinishika mikono yote miwili akakaa nayo muda mrefu, na chanjo ikaharibika, nami sikuvuta mikono yangu.

Mzee Margwe nilimwacha mwisho. Nilimkuta kwenye makorongo. Nilimwambia kabla hajaanza kuuliza. Akasema, "Tangu masika ya mwaka jana namsalimia maiti?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Nimemsalimia mbele ya ng'ombe wangu. Nimemwambia mtoto yatima baba yake anaendesha trekta, nikacheka. Umenifanya mtu wa namna gani?" Nikapiga magoti kwenye mchanga nikaomba radhi. Akawaswaga ng'ombe wake akaondoka, hakunipa mkono.

Sasa nikimwona mbali nashuka. Nasimama na baiskeli yangu nangoja. Anageuza ng'ombe anapita upande mwingine wa korongo. Jana alifanya hivyo, na mimi nikabaki pale nimesimama, mama. Nilikaa chini nikalia kwa ajili ya mzee nisiyemjua wa Yaeda ambaye hataki kunisalimia. Nililia mpaka nikawa namlilia Yonas, sijui ni wapi nilivuka. Tangu alipokufa nilikuwa bado sijamlilia.

Watoto walinikuta wakaenda kumwita Nicodemo. Leo nimepumzika.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, wa tano, nina siku mbili. Nitakuja kama Judith akikubali. Mwulize. Asipokubali nitangoja.

Restituta, mwanao

Nangwa, Hanang, MANYARA
9 Mei 2004

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Umelia, vizuri. Nilikuwa nakuogopa.

Mnadani nilimtafuta yule mama wa vyungu. Nikamwambia ni wanne, na mmoja niliyemzika. Hakukasirika kama mzee wako. Alisema yeye amezika wawili, na siku ile alinihesabia wote kama wapo. Tuliangaliana pale katikati ya vyungu, tukashindwa kuendelea na biashara.

Nimemwuliza Judith kama nikusalimie kwa jina lake. Akasema hapana. Nikamwuliza, basi mama asije? Akatoka akaenda kufungua ndama. Nikaona limekwisha, nikaanza kukunja karatasi.

Akarudi, akasimama mlangoni. Akasema, "Bibi, andika asipite njia ya mlimani na baiskeli ikiwa imenyesha. Kuna utelezi. Nilipaona tukiwa kwenye lori."

Nimeandika kama alivyosema.

Mama yako